Jikoni na Wasomaji: Chili ya Texas, ya Cincinnati na ya nyumbani kwako

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza habari za chili, kitoweo cha nyama na pilipili kavu ambacho ndugu zetu waishio Marekani hukutana nacho kazini, kanisani na kwenye shule za watoto wao mara tu baridi inapoanza, na ambacho wasomaji wa huku nyumbani wameanza kukijaribu. Tumechagua barua sita, nazo tumezifupisha pale ilipobidi.

Shikamoo mama. Ninaishi Houston, Texas. Kazini kwetu kila mwaka huwa kuna mashindano ya chili na kila mtu huja na sufuria yake. Mara ya mwisho nilipika nyama ya kusaga, nyanya nyingi na maharagwe mekundu. Watu walikula wakamaliza, lakini mzee mmoja aliniambia kuwa nilichopika ni kitamu, ila si chili. Naomba unieleze chili yenyewe ni ipi na inapikwaje.
*Msomaji, Houston*

Marahaba, mwanangu. Huyo mzee hakukutania. Kwa watu wengi wa Texas, chili ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya rojo la pilipili kavu, basi. Maharagwe hayamo, na nyanya, kama zimo, ni chache. Chama cha CASI, ambacho huandaa mashindano ya chili huko Terlingua, kijiji cha jangwani karibu na mpaka wa Mexico ambako mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1967, kinakataza katika kanuni zake maharagwe, tambi na mchele ndani ya sufuria ya mshindani. Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1977, bunge la Texas liliitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Ndiyo maana mtu wa huko akiona maharagwe yanaelea ndani ya bakuli huhisi ameguswa pabaya.

Hata hivyo ukali huo wa kanuni umekuja nyuma sana ya chakula chenyewe. Chili ilijipatia jina katika viwanja vya mji wa San Antonio, ambako katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 akina mama wenye asili ya Mexico walikuwa wakipanga meza zao jioni, wakawasha taa, na kuwauzia askari, wachunga ng'ombe na wasafiri chakula cha moto kwa bei ndogo. Watu waliwaita malkia wa chili, nao waliendelea na biashara hiyo hadi miaka ya 1930, kanuni za afya za mji zilipowaondoa viwanjani. Mwaka 1893 banda la chili la San Antonio lilikuwapo kwenye maonesho makubwa ya dunia huko Chicago, na katika muongo huohuo mhamiaji wa Kijerumani aliyeitwa William Gebhardt, wa mji wa New Braunfels, alianza kuuza unga wa pilipili uliokwisha kuchanganywa na viungo, hivyo mpishi aliye mbali na masoko ya mpakani akaweza kupika chili bila kusaga chochote. Kuhusu nyanya, Rais Lyndon Johnson, mzaliwa wa Texas, alikuwa na chili yake ambayo wananchi waliiulizia sana hata mkewe akachapisha maelekezo yake kwenye kadi za kuwatumia. Ndani yake nyanya zimo, maharagwe hayamo. Kwa hiyo ukitia nyanya kidogo, unaye rais wa kukutetea.

Sasa tuje jikoni. Kwa walaji sita au wanane, chukua kilo moja na nusu ya nyama ya bega. Steki laini haifai hapa, kwa kuwa hukauka. Nyama ya bega ina nyuzi ngumu na mafuta ambayo yakipikwa muda mrefu hulainika na kuupa mchuzi uzito. Ikate vipande vya ukubwa wa sentimita mbili hivi. Hapo Houston maduka ya vyakula vya Mexico hayako mbali nawe, na humo utakuta pilipili kavu kwenye mifuko. Tafuta aina mbili. Ya kwanza ni ancho, ambayo ni pilipili ya poblano iliyoachwa mtini hadi ikaiva na kuwa nyekundu, kisha ikakaushwa. Ni pana, nyeusinyeusi, yenye makunyanzi na utamu wa zabibu kavu. Ya pili ni guajillo, ndefu, yenye ngozi nyororo inayong'aa na ladha iliyochangamka zaidi. Zote mbili si kali sana. Chukua ancho sita na guajillo tano, na ukipenda moto zaidi ongeza mbili au tatu za aina ndogo nyembamba iitwayo chile de árbol. Kabla ya kulipa, bonyeza mfuko: pilipili nzuri bado hukunjika, na ile inayovunjikavunjika mkononi imekaa dukani muda mrefu.

Ondoa vikonyo, zipasue kwa mkasi, zikung'ute mbegu, kisha zitandaze kwenye kikaango kikavu chenye moto wa wastani. Chili nyingi huharibika hapahapa. Pilipili inahitaji sekunde chache tu kila upande, hadi ngozi ianze kuvimba na harufu tamu ianze kupanda. Ukiona moshi na koo likaanza kukuwasha, imekwisha kuungua, na uchungu wake hautatoka hata ukipika kutwa nzima, hivyo ni afadhali uitupe na kuanza upya. Zilizokaangika vizuri ziloweke kwenye maji ya moto kwa dakika 20 hadi 30. Onja maji hayo: yakiwa machungu yamwage na utumie supu au maji safi kusagia, yakiwa hayana uchungu yatumie. Zisage kwenye blenda hadi zilainike kabisa, na kama maganda yanabaki, lipitishe rojo kwenye chujio.

Kausha nyama kwa kitambaa au karatasi, itie chumvi, kisha ikaange kwa mafungu katika mafuta ya moto hadi kila kipande kishike rangi ya kahawia. Ukijaza sufuria yote kwa mkupuo mmoja, nyama itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ule utamu wa ndani kabisa wa chili utaupoteza. Ikiisha, itoe, na katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwakatwa hadi vilainike, tia punje tano za kitunguu saumu kilichopondwa, vijiko viwili vya chai vya bizari nyembamba uliyoikaanga bila mafuta na kuisaga mwenyewe, na kijiko kimoja cha chai cha majani makavu ya oregano. Ndipo umwage rojo la pilipili. Likaange kwa dakika tano hivi huku ukikoroga, hadi rangi yake izame na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Aliyezoea kupika mchuzi wa pwani anaijua dalili hiyo na hahitaji saa ya ukutani.

Rudisha nyama, tia supu au maji kiasi cha kuifunika, yaani lita moja au zaidi kidogo, kisha acha ichemke polepole kwa saa mbili hadi mbili na nusu, mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo. Viputo viwe vya hapa na pale. Moto mkali hukaza nyama. Zikibaki dakika 20, koroga vijiko viwili vya mezani vya masa harina, ule unga wa mahindi yaliyochemshwa kwenye maji ya chokaa ambao hutumika kutengenezea tortilla, ndani ya maji baridi kidogo na uumimine sufuriani. Huufanya mchuzi ushikamane na nyama na kuupa harufu ya mahindi. Malizia kwa kijiko cha siki na kijiko cha sukari guru au ya kahawia, onja chumvi, epua, uache itulie angalau nusu saa.

Na maharagwe yako usiyatupe. Yapike peke yake, yaweke kwenye bakuli pembeni, na kila mtu ajichotee mwenyewe. Mzee atakosa la kusema.

Ndugu mhariri, salaam. Nimeona chili katika vipindi vya mapishi na ningependa kuipika hapa Arusha, lakini pilipili hizo zenye majina ya Kihispania sijapata kuziona sokoni. Je, nikitumia pilipili kichaa na bizari ya mchuzi nitapata kitu kinachofanana nayo?
*Msomaji, Arusha*

Ndugu msomaji, hutapata. Katika chili pilipili hufanya kazi mbili tofauti: ndiyo inayotoa ukali, na ndiyo pia inayotoa rangi, utamu na uzito wa mchuzi, kama vile nyanya zinavyofanya katika mchuzi wetu wa kila siku. Pilipili kichaa inaiweza kazi ya kwanza tu. Ukitaka ikupe uzito, itakubidi utie nyingi kiasi ambacho hakuna atakayeweza kula, na ukitia inayoweza kulika, utakuwa na mchuzi mwepesi unaowasha. Bizari ya mchuzi nayo ina manjano na uwatu, na hivyo viwili vitakupeleka moja kwa moja kwenye mchuzi wa Kihindi, ambao ni mzuri sana kwa siku yake.

Fanya hivi. Kwenye duka la viungo nunua paprika ya unga, pamoja na pilipili ya unga ya Kashmir, ambayo ni nyekundu sana lakini ukali wake ni wa wastani. Changanya vijiko vinne vya mezani vya paprika, viwili vya pilipili ya Kashmir, kimoja cha bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, ileile unayotia kwenye pilau, na vijiko viwili vya chai vya oregano. Huo ndio unga wako wa chili, na unatosha kilo moja na nusu ya nyama. Kisha nunua pilipili hoho nyekundu tatu, uzichome juu ya mkaa hadi ganda liwe jeusi kote, uzifunike ndani ya bakuli kwa dakika kumi ili zijitoe jasho, uzimenye na kuzisaga. Hoho hizo zitachukua nafasi ya ule utamu wa ancho, na moshi wa mkaa utakukaribisha kwenye ladha ya chipotle, ambayo ni pilipili ya jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Kwa hili mwenye jiko la mkaa amemzidi mwenye jiko la umeme.

Fuata hatua nilizompa msomaji wa Houston, ila unga wa viungo utie baada ya vitunguu kulainika na moto ukiwa umeupunguza, uukoroge kwa dakika moja tu, halafu tia hoho zilizosagwa mara moja, kwa kuwa paprika huungua upesi na ikiungua huwa chungu. Mwisho, kama unapenda, tia pilipili kichaa moja nzima, bila kuipasua, uitoe kabla ya kupakua.

Nyama ya ng'ombe wetu wanaotembea malishoni ni ngumu kuliko ya Marekani, basi uihesabie saa tatu, au dakika 45 katika presha kuka, na ukitumia presha kuka punguza maji kwa sababu hayapungui humo ndani. Masa harina kama hukuipata, kijiko kimoja cha sembe kilichokorogwa kwenye maji baridi kitafaa, mradi kichemke robo saa au zaidi ili ule ubichi wa unga uishe.

Mhariri, habari za kazi. Nilinunua chungu cha umeme kile kinachopika polepole kwa saa nane. Nikaloweka maharagwe mekundu usiku, asubuhi nikayatia humo pamoja na nyama ya kusaga, nyanya na unga wa chili, nikaweka moto mdogo, nikaenda kazini. Tulikula saa moja jioni, na kabla ya saa nne nyumba nzima ilikuwa inatapika. Nyama ilikuwa mbovu? Niliinunua jana yake.
*Baba wa watoto wawili, Columbus, Ohio*

Pole sana, ndugu yangu, wewe na familia. Siwezi kuipima nyama kutoka hapa, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni maharagwe, na naomba kila mwenye chungu cha aina hiyo aisome barua hii hadi mwisho.

Maharagwe mekundu makavu, yale makubwa yenye umbo la figo, yana protini iitwayo fitohemaglutini, ambayo ni sumu kwa tumbo. Mtu anaweza kuugua kwa kula punje nne au tano tu zisizoiva, na dalili zake ni kama ulizozieleza: kichefuchefu na kutapika saa moja hadi tatu baada ya kula, kisha kuharisha. Kwa kawaida hupita ndani ya saa chache, ingawa kwa mtoto mdogo au mzee hakuna haja ya kungoja kabla ya kumpeleka hospitali. Sumu hiyo huharibiwa na maji yanayochemka kwelikweli, na chungu cha umeme kikiwa kwenye moto mdogo huenda kisifikie kuchemka kabisa. Maharagwe hulainika ukadhani yameiva, na sumu ikabaki. Vilevile imeonekana kwamba maharagwe yaliyopashwa joto la nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali zaidi kuliko yale mabichi. Bibi zetu, waliokuwa wakiyachemsha maharagwe juu ya kuni tangu mchana, hawakupata kulifahamu tatizo hili kwa sababu sufuria zao hazikuacha kutokota.

Kinga yake ni nyepesi. Loweka maharagwe kwa saa tano au zaidi, umwage maji ya kulowekea, tia maji mapya, na uyachemshe juu ya jiko la kawaida, maji yakitokota muda wote, kwa dakika 30, kama inavyoelekezwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Baada ya hapo unaweza kuyahamishia kwenye chungu chako na kwenda kazini bila wasiwasi. Maharagwe ya kopo yamekwisha kuivishwa kiwandani. Hayo yasuuze tu uyatie, na yatie mwishomwisho ili yasivurugike.

Kuna jambo la pili ambalo halihusu sumu ila litakusaidia. Nyanya na siki huyafanya maharagwe yachelewe kulainika. Ukiyatia kwenye nyanya yakiwa bado magumu, utachemsha hadi usiku. Yaivishe kwanza, ndipo yakutane na nyanya. Na nyama ya kusaga usiitie mbichi kwenye chungu. Ikaange kwanza kwenye kikaango chenye moto mkali, uibane kwa mwiko na kuiacha ishike rangi chini kabla ya kuigeuza, umwage mafuta yaliyozidi, kisha unga wako wa chili ukaangie hapohapo.

Shikamoo. Tunaishi Lexington, Kentucky. Wenyeji wetu walitupeleka Cincinnati, tukaletewa tambi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama wenye harufu ya mdalasini, na juu yake mlima wa jibini. Wakatuambia hiyo ni chili. Mume wangu aliipenda kwa sababu ilimkumbusha viungo vya pilau. Ninaweza kuipika nyumbani?
*Mama Lexington*

Marahaba. Unaweza, na ndiyo rahisi kuliko zote. Chili ya Cincinnati haikutoka San Antonio kwa njia ya moja kwa moja. Walioianzisha ni ndugu wawili wahamiaji kutoka Makedonia, Tom na John Kiradjieff, waliofungua mgahawa wao wa Empress mwaka 1922 kando ya ukumbi wa maonesho wenye jina hilohilo, wakachukua michuzi ya nyama ya kwao na kuiita jina ambalo Wamarekani walikwisha kulizoea. Mumeo hakukosea: mdalasini na karafuu za huko Balkani na za kwetu zimepita katika biashara ileile ya bahari.

Siri yake ni kwamba nyama haikaangwi. Chukua kilo moja ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa laini, itie mbichi ndani ya sufuria yenye lita moja na nusu ya maji baridi, uivuruge kwa mikono au kwa uma hadi itawanyike kabisa, ndipo uwashe moto. Hivyo ndivyo inavyopata ule ulaini usio na madonge. Ikichemka tia kitunguu kilichosagwa, kitunguu saumu, vijiko vitatu vya mezani vya nyanya ya kopo ile nzito, vijiko vitatu vya unga wa chili, kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha bizari nyembamba, karafuu kidogo sana ya kusaga, kijiko kimoja cha mezani cha kakao isiyo na sukari, jani moja kavu la kiungo kiitwacho bay leaf, na vijiko viwili vya siki. Wenyeji hutia pia zile punje zinazoitwa allspice, ambazo harufu yake iko kati ya karafuu, mdalasini na kungumanga. Ipike taratibu kwa saa mbili hadi tatu, ilaze kwenye jokofu usiku kucha, na asubuhi yake uondoe mafuta yaliyoganda juu.

Huko huagizwa kwa hesabu. Tambi na chili ni njia mbili; ukiongeza jibini ya cheddar iliyokunwa ni njia tatu; ukiongeza kitunguu kibichi au maharagwe ni njia nne; ukitia vyote ni njia tano. Jibini ikunwe nyembamba sana wakati wa kupakua.

Mhariri, mimi situmii nyama nyekundu, na dada yangu hali nyama kabisa. Je, sisi tumekosa?
*Msomaji, Nairobi*

Hamjakosa. Wewe pika chili nyeupe. Katika New Mexico, ambako wahudumu wa migahawa humwuliza mteja kama anataka pilipili nyekundu au ya kijani, na swali hilo likafanywa swali rasmi la jimbo, huchoma pilipili za kijani juu ya moto na kuzipika na nyama ya nguruwe. Chili nyeupe imeazima pilipili hizo za kijani na kuzikutanisha na kuku na maharagwe meupe. Choma hoho za kijani tatu na pilipili ndefu za kijani mbili au tatu, zimenye, zikatekate. Kaanga vitunguu kwa bizari nyembamba na dania ya kusaga, tia mapaja ya kuku nusu kilo au zaidi kidogo, hoho zako, na supu ya kuku, upike dakika 30, kisha mtoe kuku umchambue kwa uma. Tia maharagwe meupe yaliyokwisha kuiva, kiasi cha vikombe vitatu, lakini kikombe kimoja kati ya hivyo kiponde kwanza, kwa kuwa ndicho kitakachoupa mchuzi uzito. Rudisha kuku, tia majani ya dania na maji ya ndimu baada ya kuepua. Msikubali kutia nyanya.

Kwa dada yako tatizo kubwa la chili isiyo na nyama ni kwamba wapishi huchemsha mboga ndani ya nyanya na kutumaini. Kinachokosekana ni ile rangi ya kahawia inayotokana na kukaanga nyama, na inabidi itafutwe kwingine. Kaanga nusu kilo ya uyoga uliokatwa vipande vidogo kwenye kikaango kipana bila kuutia chumvi mwanzoni, hadi maji yake yakauke na uanze kulia ukikaangika. Kaanga nyanya ya kopo peke yake ndani ya mafuta hadi ibadilike rangi. Ndipo vitunguu, unga wa chili na maharagwe ya aina mbili vifuate. Adesi za kahawia nazo huchukua vizuri nafasi ya nyama ya kusaga. Vipande vya soya sivipendi katika chili, lakini hilo ni la kwangu. Akivitumia avikamue maji sawasawa kabla ya kuvikaanga.

Shikamoo bibi. Nina maswali mawili mafupi. Nikizidisha pilipili nifanye nini, na chili inaweza kukaa siku ngapi?
*Mwanafunzi, Mombasa*

Marahaba, mjukuu wangu. Anza kwa kujikinga: ukali wa pilipili uko zaidi kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, basi ukiukwangua kabla ya kupika umepunguza sehemu kubwa. Ukali huo huyeyuka katika mafuta na hauyeyuki katika maji, kwa hiyo kuongeza maji kutakupa mchuzi mwembamba na bado utawasha. Iliyokwisha kuzidi iongezee vitu: nyama au maharagwe zaidi, nyanya, na sukari kidogo. Wakati wa kula weka mtindi mzito au krimu chachu juu ya bakuli, kwa kuwa maziwa yana protini inayoukamata ukali na kuuondoa ulimini. Anayewashwa mdomo apewe maziwa, asipewe maji.

Kuhusu kuhifadhi, chili ni tamu zaidi siku ya pili, lakini isikae juu ya meza zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Mombasa iwahi zaidi ya hapo. Igawe kwenye vyombo vifupi ili ipoe upesi, uitie kwenye jokofu, nayo itakaa siku tatu hadi nne. Kwenye friza itakaa miezi kadhaa. Ukiipasha moto, pasha kile kiasi utakachokula tu, uiache ichemke kabisa, na utie maji kidogo kwa sababu huwa imekaza. Wamarekani huila na mkate wa mahindi au biskuti za chumvi, nawe huko bwenini ukiila na ugali hakuna atakayekushtaki.